Ukuta wa Risper

Siku mliponiaga pale Kondele, mwenyekiti wa kikundi chenu cha mafundi alisimama na soda mkononi akasema, "Mama Turphena ametulea kwa upole." Mkapiga makofi. Nikatabasamu, kwa sababu nilikuwa nimevaa gauni la sherehe, na mtu hagombani akiwa amevaa gauni la sherehe. Lakini maneno yale hayakuwa kweli. Nimekandika nyumba za udongo tangu nikiwa mke mgeni hadi vidole vyangu vikakataa kukunjika, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa na hasira. Mmeniomba niwaandikie niliyoyaona kazini mpate kujifunza. Nitaandika, na hasira nitaiacha humohumo.

Niliolewa Pap Onditi, huku chini tambarare. Udongo wa huko ni mweusi. Ukinywa maji unavimba, ukipata jua unapasuka mpaka kifaranga anaweza kutumbukia kwenye ufa mama yake akamtafuta siku nzima. Nyumba ya mama mkwe wangu ilikuwa imekandikwa kwa udongo huo, na kila msimu tuliziba nyufa kama watu wanaoshona gunia lililooza. Ndipo jirani mmoja aliyeitwa Peres akapita, akasimama mlangoni bila kubisha hodi, akasema, "Nyinyi mnajenga na uji."

Peres alikuwa fundi. Wanawake wote huku kwetu wanajua kusiriba, lakini Peres alikuwa anaitwa. Watu walitoka mbali kumwita. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwimbaji wa kwaya asiyeshika sauti, na hakuwa na neno zuri kwa mtu yeyote kabla ya saa ya chai. Nikamwomba anifundishe. Akaniambia nije Jumatatu.

Nikaenda Jumatatu na mwiko mpya wa chuma, ule wa mafundi wa saruji. Nilikuwa nimeupenda dukani jinsi ulivyong'aa. Peres akauchukua, akaugeuza huku na huku, kisha akautumia kukwangua matope yaliyoganda kwenye jembe lake. "Kazi yake imepatikana," akasema. Siku hiyo sikugusa ukuta. Nilikanyaga udongo toka asubuhi mpaka jioni: udongo mwekundu wa kichuguu uliobebwa kutoka mlimani, nyasi zilizokatwakatwa, maji kidogo, kanyaga, geuza, kanyaga. Nikilegea, Peres alinichapa kisigino kwa ufito. "Mguu wako unauliza udongo maswali," akasema. "Sasa wewe unakanyaga bila kusikiliza jibu."

Majibu yenyewe nawaandikia hapa, kwa sababu naona siku hizi mnapima kwa chupa na rula tu. Finyanga donge kama ngumi, liache lianguke kutoka usawa wa bega. Likisambaratika, lina mchanga mwingi. Likilala bapa kama chapati, umelilewesha maji. Likibaki donge na kuchanika kidogo pembeni, hilo ndilo. Liache likae siku moja chini ya magunia kabla hujalitumia, maana udongo nao unahitaji kuzoeana na maji. Msingi uinue kwa mawe, ukuta usikae mguu majini. Mapaa yatoke nje vya kutosha. Kusiriba kwa kinyesi cha ng'ombe na jivu huja mwisho kabisa. Na msipake saruji juu ya ukuta wa udongo, hata mwenye nyumba akilia. Maji yakiingia nyuma ya saruji hayana pa kutokea. Ukuta unaoza ndani kwa ndani huku nje ukipendeza, kama ndoa ninazozijua.

Ukuta uliokandikwa vizuri ni kitu cha kukaa nacho. Saa sita mchana, mabati ya jirani yakilia kwa joto, ndani kwako kuna ubaridi kama wa mtungi. Mvua ikipiga unaweza kuzungumza na mtu bila kupaza sauti. Ukuta ukiumia unautibu kwa mkono wako mwenyewe. Nayasema haya kwa sababu nimeishi humo maisha yangu yote, na kwa miaka mingi watu walikuwa wakiingia kwangu na kunipa pole.

Sasa nifike kwa Risper.

Wakati huo Peres na mimi tulikuwa na kikundi kidogo cha wanawake, tukikandika jiko la mama mmoja wa kanisa pale Kondele. Akaja muuza samaki wa kukaanga, ndoo kichwani, akasimama kututazama. Akatua ndoo. Akaupapasa ukuta kwa kiganja chote, jinsi unavyopapasa tumbo la mtoto mgonjwa.

"Nyinyi ni mafundi wa kweli?" akauliza.

"Kwani wewe unaona tunacheza?" Peres akamjibu.

"Na mnaogopa?"

Peres akaacha kazi. "Tuogope nini?"

Ndipo akatueleza. Jina lake Risper, nyumbani kwake Luanda Kotieno, juu kidogo ya ufuo ambapo feri ya Mbita hutia nanga. Mume wake alikuwa amefariki kwa ugonjwa. Mvua inayokuja na upepo wa ziwa ilikuwa imekula ukuta wa nyuma wa nyumba yake mpaka fito zikaonekana kama mbavu. Alikuwa amewaita mafundi wote wa kule, na wote wakakataa. Shemeji yake, ndugu ya marehemu, alikuwa ametangaza kwamba nyumba hiyo haiguswi mpaka Risper akubali kurithiwa. Yaani akubali mwanamume aliyechaguliwa na ukoo aingie humo, ndiyo nyumba iweze kukarabatiwa. Risper alikuwa mtu wa kanisa na hakumtaka mwanamume huyo wala mwingine yeyote.

"Kwa hiyo mvua itakunyeshea mpaka ukubali," Peres akasema.

"Ndivyo walivyosema. Hawakutumia hayo maneno."

Nawaambieni wazi kwamba sikulelewa kudharau mila. Mama yangu alinifundisha kwamba mjane alirithiwa ili asiachwe peke yake, ili shamba lake lilimwe na watoto wake wale. Hayo niliyaheshimu. Lakini kuchukua mvua ukaifanya fimbo, ukakaa kwako pakavu ukisubiri mwanamke na watoto wake walowe mpaka waseme ndiyo, hiyo sikufundishwa na mtu, na mpaka leo nikiikumbuka mate yananikauka.

Tulienda watu watatu: Peres, mimi, na mwenzetu Consolata aliyekuwa na mtoto mdogo wa kunyonya aliyemwachia mama yake. Ukuta ulikuwa mbaya kuliko tulivyoambiwa. Mchwa walikuwa wamekula nguzo chini. Tukatoa sehemu iliyooza, tukapanga mawe, tukasimika nguzo mpya, tukafunga fito kwa kamba ya katani. Risper alituchotea maji. Siku ya pili tulipoanza kutia udongo, shemeji akaja.

Aliitwa Ogutu. Nilitarajia mtu wa fujo. Akaja mwanamume nadhifu, shati limepigwa pasi, sauti ya chini, akatusalimu kwa adabu zote.

"Mama, habari za safari? Mmekunywa chai?"

"Tumekunywa," Peres akasema.

"Vizuri. Sasa hii nyumba, mama, haiguswi. Mpaka mwenye nyumba apatikane."

"Mwenye nyumba ndiye huyu anatuchotea maji."

Ogutu akatabasamu kama mtu anayemsamehe mtoto. "Mama, nimesema mwenye nyumba. Mimi sikatazi mtu. Naonya tu. Mwenye kugusa huo ukuta, akirudi kwake akute mtoto wake anakauka, asije kuniuliza mimi."

Alikuwa anazungumza juu ya chira, ile hali ya kukonda na kufa ambayo kwetu husemwa humpata anayevunja mwiko. Nusu ya mafundi wa ufuo ule walikuwa wamekimbizwa na neno hilo moja. Alipoondoka, Consolata alikuwa ameshaanza kunawa mikono. Alikuwa analia. "Turphena, mimi nina mtoto," akasema. Akapanda gari la jioni.

Sikumkasirikia Consolata hata kidogo. Niliyemkasirikia ni mtu anayejua mahali mama anapoumia na kubonyeza hapohapo, huku akiuliza habari za chai. Na ili msije kukaa na swali: mtoto wa Consolata kweli aliugua mwezi huo. Ilikuwa malaria, kama watoto wengine wote wa msimu ule. Akapewa dawa. Leo anaendesha tuktuk hapo Kondele na ana kitambi.

Tukabaki wawili. Mpaka jioni tulikuwa tumejaza ukuta safu ya kwanza, tukaenda kulala kwa rafiki ya Risper karibu na ufuo. Tuliporudi asubuhi, ukuta haukuwepo. Fito zilikuwa zimekatwa kwa panga, udongo wetu umetupwa uani ukiwa bado mbichi, umekanyagwa na viatu. Kutoka barabarani uliweza kuona kila kitu ndani: kitanda cha Risper, sufuria zake, sare za shule zimetundikwa kwenye kamba, nguo zake za ndani. Watu waliokuwa wakienda kwenye feri walipita na kutazama. Wengine walipunguza mwendo. Risper alikuwa amesimama katikati ya chumba na leso amejifunika mpaka kichwani, kama vile ni mwili wake uliobomolewa.

Nikaenda kwa naibu wa chifu. Nilimkuta anakula mayai. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, mambo ya mila serikali hatuingilii sana. Hao ni watu wa boma moja, watasikizana." Nikatoka hapo nikaenda kwa mzee wa kanisa la Risper, kanisa lilelile linalomwambia asirithiwe. Akakunja mikono akasema, "Tutamwombea dada yetu." Nikamuuliza kama maombi hayo yatakuja na jembe. Akasema nina roho ya uchungu. Nikamwambia kwamba hatimaye amesema jambo la kweli.

Nilirudi kwa Risper. Nilikuwa tayari kwenda kwa Ogutu na panga. Sijasema hivyo kwa mzaha. Peres alikuwa amechutama uani, anachambua mawe na kuokota vipande vya kamba vinavyoweza kutumika tena.

"Umemaliza kuongea na wakubwa?" akaniuliza bila kuinua kichwa.

"Nimemaliza."

"Wamesema nini?"

"Hakuna kitu."

"Basi kanyaga udongo."

"Peres, watabomoa tena!"

"Watabomoa. Na sisi tutakandika tena. Tuone nani atachoka. Hiyo hasira yako iteremshe miguuni, huko juu inakusumbua bure."

Nikakanyaga. Sijawahi kukanyaga udongo namna ile, kabla wala baadaye. Ulilainika kama siagi.

Kabla ya adhuhuri Ogutu akaja na vijana wawili wa ufuo wenye majembe. Safari hii hakuuliza habari ya chai. Peres aliendelea kupiga udongo ukutani. Mimi nilisimama mbele ya ukuta, na Risper akaja akasimama kando yangu, na leso ameishusha kichwani.

"Ondokeni hapo," Ogutu akasema. "Sitaki kuumiza mama wa mtu."

Ndipo tukasikia sauti kutoka nyuma yake. "Na mama yako je?"

Alikuwa Yunia, mama yake Ogutu, mama mkwe wa Risper. Nyumba yake ilikuwa hapohapo ndani ya boma, na siku zote hizo alikuwa amekaa mlangoni kwake akitutazama bila neno. Mimi nilikuwa nimemhesabu upande wa mwanawe. Alikuja polepole na fimbo yake mpaka akamfikia.

"Mama, rudi nyumbani," Ogutu akasema. "Haya ni mambo ya ukoo."

"Mimi ndiye niliyeuzaa huo ukoo. Baba yako alipokufa, paa langu lilivuja. Wakaniambia hivihivi, haliguswi. Nikakaa na nyinyi chini ya meza, mvua inatunyeshea. Unakumbuka hiyo meza?"

Ogutu akageuka kuwatazama wale vijana.

"Nikachoka, nikakubali. Yule mwanamume akaezeka paa, akala mbuzi zangu, akanipiga, akaenda. Hakuna mtu aliniuliza hata siku moja kama nilitaka. Sasa wewe umeshika jembe hilohilo."

"Mama, unaniaibisha mbele ya watu."

"Nilikunyonyesha mbele ya watu."

Mmoja wa wale vijana akainamisha uso. Ogutu akapiga hatua kuelekea ukutani. Yunia akaachia fimbo ikaanguka, akashika fundo la leso yake kiunoni kwa mikono miwili.

Hapa kwetu kila mtoto wa kiume anajua maana ya hilo. Mama mzee akifungua leso yake akavua nguo mbele ya mwanawe, hiyo ni laana isiyo na dawa. Chira ya kugusa nyumba ya marehemu ni mchezo wa watoto mbele yake. Wale vijana walitupa majembe wakageuka migongo, mikono machoni. Ogutu alisimama. Niliona jasho likilowesha lile shati la pasi.

"Sogeza mguu wako tena," Yunia akasema.

Hakuusogeza. Akarudi nyuma, akapita mlango wa boma, hakutazama mtu.

Yunia akafunga leso yake vizuri, akainama kwenye udongo wangu, akachota. Donge lake la kwanza lilianguka. Akaliokota. "Mimi nilisharithiwa," akamwambia Risper, "sasa hakuna mwiko wa kunishika. Waambie ukuta umekandikwa na mimi. Tuone mwanamume gani atabomoa mkono wa mama yake." Akalipiga donge ukutani, likashika. Risper akaangua kilio, na Peres akamfokea asimwage machozi kwenye udongo uliokwisha kupimwa maji.

Mkwe na mkwe walikandika pamoja mpaka wakamaliza. Hakuna aliyeubomoa.

Mngependa niishie hapo, najua. Lakini hii ni kumbukumbu ya kazi, na kazi haikuishia hapo. Miaka kadhaa baadaye Yunia alifariki, nami nikaenda kumzika. Ogutu alipewa kipaza sauti kama mtoto wa marehemu. Akaeleza jinsi alivyomtunza mama. Kisha akanyoosha mkono kuonyesha nyumba ya Risper, iliyosimama imara, imesiribwa vizuri kwa kinyesi cha ng'ombe na jivu, akasema, "Hata mke wa ndugu yangu sikumwacha. Ile nyumba mnayoiona, ni mimi nilihakikisha imejengwa." Watu wakaitikia kwa sauti. Naibu wa chifu alikuwa kwenye hema la wageni, akatikisa kichwa kukubali.

Nikasimama. Mshereheshaji akasema, "Mama, ratiba imejaa." Nikamwambia ratiba aikunje. Hakunipa kipaza sauti, nikasema bila hicho. Nilisema nani alikata fito na nani alipiga donge. Nilisema juu ya meza ambayo watoto walijificha chini yake. Mtu akanivuta gauni, nikaendelea. Nilipomaliza, Risper akasimama mahali pa wanawake akasema maneno mawili tu, "Ni kweli," akakaa. Mchungaji akakimbilia wimbo. Nilifukuzwa kwenye mazishi hayo kabla ya chakula. Nilikula samaki ufukweni, na sijawahi kula samaki mtamu kama huyo.

Peres naye alikufa, kifo cha uzee, akilalamika kwamba ukuta wa wodi umepakwa vibaya. Mimi nikabaki nikifundisha, ndipo mkaja nyinyi, wasichana wa kozi na simu. Mmefanya vizuri, sikatai. Sasa watu wenye uwezo wanawaita muwajengee nyumba za udongo za wageni kando ya ziwa, wanapiga picha kuta, wanasema nzuri, za asili. Nyumba zilezile tulizopewa pole nazo. Nacheka, kisha nakasirika, kisha nakunywa chai.

Lakini wiki iliyopita alikuja kwangu mama mmoja kutoka Pap Onditi. Amefiwa na mume. Ukuta wake umebomolewa na mafuriko na shemeji zake wanasema hauguswi. Anasema aliwapigia nyinyi simu. Anasema binti mmoja wa ofisini kwenu alimjibu kwa adabu nzuri sana, "Mama, malizaneni kwanza na familia, ndio sisi tuje."

Sijalala vizuri tangu nisikie hivyo. Sikuwafundisha kupima donge ili mje kuwa na adabu ya namna hiyo. Kama kikundi kinaogopa shemeji, basi kiseme kinaogopa, kisimwambie mjane arudi akajadiliane na mvua.

Vidole vyangu haviwezi tena kufinyanga, lakini kukanyaga naweza. Jumatatu asubuhi nitakuwa kwa mama huyo, nyuma ya soko la Pap Onditi, nyumba yenye mlango wa bluu na turubai mahali pa ukuta. Udongo wa pale ni mweusi, haufai; mwekundu itabidi ubebwe kutoka mlimani. Makarai hana. Anayekuja aje na lake.